Picha ya ua kwa karibu: chagua milimita zako kabla ya kubonyeza

Ukisogeza kamera karibu na ua, tuseme sentimita 30, lenzi huanza kubana. Kwa macho yako ua lote liko wazi: petali, chavua, hata vinyweleo vya kikonyo. Kwenye picha hubaki utepe mwembamba ulio mkali, na kila kilicho mbele au nyuma ya utepe huo huyeyuka. Unene wa utepe huo, kutoka mbele kwenda nyuma, ndio kina cha fokasi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukitumia kina kifupi kwa makusudi, yaani aamue ni milimita zipi za ua zitakazobaki kali na kuziacha nyingine ziende zake. Uamuzi huo ukishafanyika, mipangilio yote ya kamera hufuata. Bila huo, hata lenzi ya bei mbaya itakupa picha isiyojulikana inatazama nini.

Nitatumia zaidi maua mawili. La kwanza ni haibiskasi nyekundu ya uzio, ile inayoota karibu kila mtaa wa pwani. La pili ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye asili ya milima ya huku kwetu, Usambara ikiwamo, na ambalo leo linauzwa kwenye vyungu madukani Ulaya na Marekani. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina hilo. Siku hizi wanasayansi wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini watunza bustani bado wanaliita kwa jina lake la zamani. Nimeyachagua mawili haya kwa sababu maumbo yao yanapingana: haibiskasi imechomoza mbele, Saintpaulia ni bapa. Ukiyaweza haya, waridi na langilangi hazitakusumbua.

1. Jua unene wa utepe wako

Mambo mawili ndiyo yanayoamua unene: ukuzaji na tundu la lenzi. Ukuzaji ni ukubwa wa ua juu ya sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ukilinganisha na ukubwa wake halisi. Kwa ukuzaji wa 1:1, sentimita moja ya ua inachukua sentimita moja ya sensa. Kwa 1:4, sentimita nne za ua zinachukua sentimita moja. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na utepe ni mwembamba.

Kwa kamera yenye sensa ya milimita 24 kwa 36, makadirio ni haya. Kwa 1:1 na f/2.8, utepe una unene wa theluthi moja hivi ya milimita. Ukifunga tundu hadi f/8, bado ni milimita moja tu. Kwa 1:2, f/2.8 inakupa milimita 1 na f/8 inakupa karibu milimita 3. Kwa 1:4, ambapo haibiskasi nzima inaenea kwenye fremu, f/2.8 ni milimita 3 na kidogo, na f/5.6 ni kama 7. Kwa 1:10, yaani tawi zima lenye maua kadhaa, f/2.8 tayari inafika milimita 18.

Zisome tena namba hizo, kwa sababu zinapingana na ushauri ulioenea. Mtu huambiwa afungue tundu hadi mwisho ili mandharinyuma yafifie. Ushauri huo unafaa kwa picha ya mtu aliyesimama mita mbili mbele yako. Ukiwa karibu na ua, ukaribu wenyewe umeshafifisha nyuma, na f/2.8 inaweza kukuachia ukali usiotosha hata kichwa kimoja cha stameni, vile vijiti vya ua vinavyobeba chavua. Mimi huanzia f/5.6 kwa ukuzaji wa 1:4 au 1:3, na f/8 ninapokaribia 1:1. Tundu kubwa kabisa nalihifadhi kwa picha za mbali kidogo, za 1:8 au 1:10, ambako milimita za ukali zinatosha na nyuma kunahitaji msaada.

2. Vifaa: kidogo kinatosha

Lenzi ya makro, yaani ya picha za karibu, ya milimita 90 hadi 105 ndiyo rahisi zaidi kufanya nayo kazi. Inafika 1:1 ukiwa bado na nafasi ya kutosha usilikinge ua kwa kivuli chako. Kama huna, lenzi ya kawaida ya milimita 50 pamoja na pete za kurefusha ni njia nzuri na ya bei nafuu. Pete hizo hazina kioo ndani, ni mirija mitupu inayokaa kati ya lenzi na kamera. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 inaongeza ukuzaji wa 1:2, maana 25 ni nusu ya 50. Nunua zenye nyaya za umeme ndani, la sivyo kamera haitaweza kulibadilisha tundu la lenzi za kisasa.

Kuna tofauti moja kati ya lenzi hizi ambayo watu wengi hawaambiwi. Kwa ukuzaji uleule na namba ya f ileile, lenzi ya 50 na ya 100 zinatoa utepe wa unene uleule. Kinachobadilika ni nyuma. Kwa 1:4 na f/4, nukta ya mwanga iliyo mbali sana inakuwa duara la milimita 6 hivi juu ya sensa ukitumia lenzi ya 100, na la milimita 3 ukitumia ya 50. Tena lenzi ndefu inaona kipande chembamba zaidi cha nyuma, kwa hiyo ukuta, kamba ya nguo na gari la jirani ni rahisi kuvitoa kwenye fremu. Kama nyuma ya maua yako kumejaa vitu, lenzi ndefu itakusaidia kuliko tundu kubwa.

Vingine unavyohitaji viko nyumbani: mkeka wa kulalia, kitambaa cheupe chepesi cha pamba, karatasi nyeupe ya manila, vibanio viwili vya nguo, kijiti, na mfuko mdogo wa maharage wa kuegemezea kamera chini. Mfuko huo kwa maua ya chini naupenda kuliko tripodi, kwa sababu tripodi nyingi hazishuki hadi kimo cha ua.

3. Chagua kitu kimoja ndani ya ua

Kabla ya kuinua kamera, lizunguke ua kwa macho na utaje, hata kwa sauti, kitu kimoja unachokitaka. "Ua" si jibu. Jibu ni ukingo wa petali unaoanza kujikunja, au chavua iliyomwagika juu ya petali, au mahali kikonyo kinapoungana na sepali, vile vijani vinavyoshika petali kwa chini.

Chukua haibiskasi. Katikati yake inachomoza nguzo ndefu yenye stameni za njano pande zote, na kwenye ncha yake kuna stigma tano nyekundu, laini, zenye vinyweleo, ambazo ndizo hupokea chavua. Toka kwenye stigma hadi kwenye koo la ua ni sentimita kadhaa, na utepe wako ni milimita chache, kwa hiyo havitaingia vyote. Una njia mbili nzuri. Ya kwanza, simama mbele ya ua na uweke fokasi kwenye stigma tano peke yake. Stameni zitafifia kuwa vitone vya njano na petali zitakuwa wekundu mtupu usio na mpaka. Ya pili, nenda ubavuni na uilaze nguzo sambamba na sensa ya kamera. Sasa nguzo yote, toka stigma hadi stameni za mwisho, iko katika umbali mmoja, na f/5.6 inaitosha. Njia isiyofaa ni ya kati: kupiga kwa mshazari ili "kila kitu kionekane kidogo". Hapo ukali unaangukia katikati ya nguzo, mahali pasipo na jambo la kutazama, na ncha inayokimbilia macho ya mtazamaji imefifia.

Hapa ndipo kanuni kuu ya kazi hii ilipo. Utepe wa ukali ni bapa na uko sambamba na sensa. Ukiielekeza kamera upya kwa nyuzi chache tu, unauzungusha utepe ndani ya ua. Saintpaulia inaonyesha hili vizuri. Petali zake zimetandaa karibu usawa mmoja, kwa hiyo ukiiweka sensa sambamba nazo, ua zima linatoka kali hata kwa tundu kubwa, huku majani yenye manyoya yaliyo chini yake yakififia. Ukiiinamisha kamera, utepe unalikata ua: vichwa viwili vya njano vya stameni vinabaki vikali, petali ya juu inapotea. Tazama pia kijiti cha pistili, sehemu ya kike ya ua. Kwenye maua mengine kimeinama kushoto, kwenye mengine kulia, na ukipanga maua mawili ya namna hiyo yakae kwenye usawa mmoja wa utepe, unapata jozi inayotazamana.

Ukifika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, utaikuta mimea ya jamii hii kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Usikanyage kuvumwani ya mwamba ili upate pembe nzuri, na usichume. Mimea hii huishi kwenye maeneo madogo sana na ikitoka hapo haina pengine pa kwenda. Jani likikuzuia, lirudishe pembeni kwa uzi, piga, kisha ulifungue.

4. Panga nyuma kabla ya mbele

Macho yetu hulitazama ua na kuisahau nyuma. Kamera haisahau. Kwa hiyo geuza utaratibu: likishaingia ua kwenye fremu, tazama kwanza kila kitu ambacho si ua. Doa jeupe la anga kati ya majani linakuwa duara linalong'aa na kuiba picha. Kijiti kinachopita nyuma ya ua kinakuwa mstari mnene unaotoka kichwani mwake. Dawa ni kusogea, mara nyingi sentimita tano tu. Ukishuka, nyuma panakuwa anga; ukipanda, panakuwa udongo au nyasi; ukienda kando, ule mwanya wa anga unafunikwa na jani. Ukiwa karibu hivi, hatua ndogo inabadilisha nyuma yote ilhali ua halibadiliki.

Kama hakuna nyuma nzuri, iweke. Mwombe mtu ashike kanga nusu mita hadi mita moja nyuma ya ua. Kwa umbali huo maandishi na miji ya kanga haisomeki tena, hubaki rangi zilizochanganyika. Kanga ya buluu iliyoiva nyuma ya yasmini nyeupe inafanya kazi nzuri sana, na kijani kilichofifia nyuma ya haibiskasi kinatuliza wekundu wake. Hakikisha tu kitambaa hakiko juani wakati ua liko kivulini, maana kitang'aa kupita ua.

Mbele pia panaweza kufifia kwa faida. Sogeza lenzi hadi jani au ua jingine liwe karibu liguse kioo, upigie pembeni yake. Litakuwa ukungu wa rangi unaolizunguka ua lako. Jaribu hili kwa tundu kubwa, kwa sababu ukilifunga, ukungu unaanza kuonyesha kingo zake na unakuwa uchafu.

5. Saa, mwanga na upepo

Nenda asubuhi. Karibu na ikweta jua hupanda haraka, na kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri linapiga toka juu, petali zinang'aa upande mmoja na kuwa nyeusi upande wa pili. Haibiskasi nayo ua lake kwa kawaida huishi siku moja, hivyo asubuhi ndipo chavua yake bado ni nzima. Tena pwani upepo wa bahari huamka kadiri nchi kavu inavyopata joto, na kabla ya saa mbili na nusu maua mengi bado yametulia. Kama ni lazima upige mchana, mtu atandaze kile kitambaa cheupe kati ya jua na ua, nawe uegemeze karatasi ya manila chini ili irudishe mwanga kwenye upande wenye kivuli.

Upepo ni adui kuliko giza. Ua likisogea milimita tatu, limetoka kwenye utepe. Chomeka kijiti ardhini karibu na shina, ubane shina na kijiti pamoja kwa kibanio, chini ya fremu. Uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambako okidi huchanua wakati wa mvua kwenye nyasi za kimo cha mita 2,600 hivi, hakuna miti ya kukinga, na huko mwili wako na begi lako ndio ukuta. Kijiti usikichomeke kwenye mizizi ya okidi. Zimeshachimbwa vya kutosha kwa ajili ya viazi vyake vinavyoliwa.

6. Mipangilio

Weka kamera kwenye hali ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua spidi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia. Chagua tundu kwa zile namba za hatua ya kwanza. Kisha panda ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi spidi ifike walau 1/250 ya sekunde ukishika kwa mkono, na 1/500 kama kuna kaupepo. ISO 800 au 1600 isikutishe. Chembechembe kidogo zinasameheka, ua lililotikisika halisameheki. Kwa 1:1 mwanga unaofika kwenye sensa hupungua sana, kiasi kwamba f/8 inapitisha mwanga kama wa f/16. Kamera inajirekebisha yenyewe, wewe utaona tu spidi imeshuka.

Rangi mbili zinahitaji mkono wako. Nyeupe huidanganya kamera ipunguze mwanga, na yasmini inatoka kijivu, kwa hiyo ongeza fidia ya mwanga ya +0.7 au +1. Nyekundu hufanya kinyume, na hili ni gumu zaidi. Picha kwa jumla inaonekana sawa lakini mkondo wa nyekundu umejaa hadi juu, na petali ya haibiskasi inakuwa bapa, bila mishipa wala mikunjo. Fungua histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, inayoonyesha rangi tatu kando kando. Nyekundu ikigonga ukuta wa kulia, punguza kwa -0.7 na upige tena. Piga kwa faili ghafi (RAW) kama kamera yako inaruhusu.

7. Fokasi kwa mwili, si kwa pete

Fokasi ya otomatiki hutapatapa ukiwa karibu hivi. Zima. Weka pete ya fokasi kwenye ukuzaji unaoutaka na uiache hapo. Kisha sogea wewe: viwiko mbavuni au mfuko wa maharage chini ya kamera, toa pumzi, egemea mbele taratibu hadi stigma ziwe kali, na ubonyeze. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinaweza kupaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi. Washa hiyo, na utauona utepe ukitembea ndani ya ua unavyosogea. Piga mfululizo wa picha tano hadi kumi ukipita taratibu kwenye mahali unapopataka. Mwili huyumba bila wewe kujua, na mfululizo huo unakupa ile iliyoangukia mahali pake.

8. Ukiwa na simu

Sensa ya simu ni ndogo, kwa hiyo utepe wake ni mnene na nyuma hapafifii kirahisi. Hali ya potreti inafifisha kwa hesabu, na kwenye haibiskasi mara nyingi inazikata stameni au inaacha ukali kwenye mianya kati yake. Tumia kamera kuu ya simu, yenye sensa kubwa kuliko nyingine. Simu nyingi zikikaribia ua hujihamisha zenyewe kwenye lenzi pana ya makro, ambayo inaonyesha kila kitu cha nyuma. Itafute kwenye mipangilio na uizime. Sogea hadi simu ishindwe kufokasi, rudi nyuma kidogo, gusa stigma kwenye kioo na ushikilie hadi fokasi ifungwe, kisha shusha mwanga kwa kidole. Ua likae mbali na nyuma yake kadiri iwezekanavyo, walau mita moja. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu nayo inasaidia, na hapo utepe unakuwa mwembamba kwelikweli, kwa hiyo rudi hatua ya saba.

9. Kagua ulipo

Usiondoke kwa kutazama picha nzima kwenye kioo kidogo, kila kitu huonekana kikali hapo. Kuza hadi mwisho na uende moja kwa moja kwenye kile kitu ulichokitaja hatua ya tatu. Ukali ukiwa umeangukia kwenye petali ya nyuma, egemea mbele kidogo na urudie mfululizo. Kama stigma ni kali lakini tatu tu kati ya tano, usikimbilie kufunga tundu. Zungusha kamera kidogo ili zote tano ziwe sambamba na sensa. Ikishindikana, ndipo usogee kwenye f/8, na utazame tena kama nyuma bado panaridhisha.

Nyumbani, chagua kwenye kioo kikubwa, futa vumbi na vidudu vidogo kama vinakera, na ukate fremu kwa uangalifu: ukiukata upana na urefu kwa nusu, picha ya megapikseli 24 inabaki na 6, ambazo zinatosha simu na kuchapa picha ndogo, lakini si bango la ukutani.